Mulango wa Kufunga kwa Ndani

Baraka, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Baba Divine,

Nakusalimu sana mu jina ya Bwana. Tuko wazima, na Divine amerudi ku masomo. Barua hii nampa Guy wa pikipiki, sababu yeye njo anapanda mpaka Kilembwe barabara ikimuruhusu. Tangu antena yenu ianguke nimechoka kupiga simu na kujibiwa na yule mwanamuke wa ndani ya mashine. Basi tuandikiane, kama bazazi wetu.

Habari iko ya Mama yako. Tangu aanguke ku ngazi na kuvunja nyonga, iko palepale juu, mu chumba cha mbao ulichomujengea mwaka ile ziwa liliingia mu nyumba yetu. Kule juu hakuna unyevu, analala vizuri, na ku dirisha anaona mitumbwi yote inayoingia. Kila akitaka kwenda haja namubeba mugongoni, tunashuka ngazi, tunapita nyuma ya jiko mpaka ku choo, halafu tunarudi. Sinung'uniki. Mama si muzito.

Na njo inanitisha, kwamba si muzito. Hakuli. Bukari, ugali wetu, anaigusa na kidole. Samaki wa mukeke wa kuchoma, ule alikuwa anaumaliza na kichwa, anamupa Divine. Chai anasema ipoe kwanza, na ikipoa anasema imepoa. Midomo yake imepasuka. Nikimuuliza, anasema ni joto.

Kaka yako Bonaventure alishuka toka Fizi ku mwaka mupya. Alimuangalia Mama, akaniangalia mimi, akakula bila kusema neno. Unamujua kaka yako: shemasi akinyamaza hivyo, hukumu imeshatoka.

We ni muuguzi, bantu wa Kilembwe wote banakuja kwako. Niambie dawa ya muntu anayekataa kikombe cha chai.

Bibi yako,
Anastasie


Baraka, tarehe 15 mwezi wa kwanza 2024

Mwanangu Jérémie,

Naandika mi mwenyewe, na kalamu ya Divine. Masista balitufundisha kuandika, lakini si kuandika marefu.

Sina ugonjwa. Ni joto. Bibi yako hana kosa, usimuulize kitu.

Naomba jambo moja. Mwambie Bonaventure akuje kunitwaa, nikae kwake Fizi. Nyumba yake haina ngazi, na kule mulimani hewa ni nzuri. Sababu ingine haiko.

Mungu akulinde na wagonjwa wako.

Mama yako,
Félicité


Kilembwe, tarehe 27 mwezi wa kwanza 2024

Mama Divine,

Guy amefika jana, matope hadi kwenye nyusi. Amenikabidhi barua mbili, yako na ya Mama. Na kabla yake kaka alikuwa amenitumia neno kwa mfanyabiashara mmoja wa karanga: Mama amekauka kama ndagaa.

Nimezisoma barua zenu tena na tena. Wewe unasema Mama hali chakula. Mama anasema huna kosa na nisikuulize kitu. Nimekaa na wagonjwa muda wa kutosha kujua kwamba mtu akikuambia usiguse hapa, hapo ndipo penye kidonda. Tangu tuoane sijasikia Mama akitaka kukaa mahali usipokuwepo wewe. Hata vita mlikimbia pamoja, mkalala porini pamoja. Leo anataka kuhama, naye hawezi hata kusimama.

Niambie ni maneno gani yamepita kati yenu. Kama umechoka kumbeba, sema. Kuchoka si dhambi. Lakini kama mama yangu anaona aibu kuomba chakula ndani ya nyumba yangu mwenyewe, basi nimefanya kosa kuja huku kuwatibu mama wa wengine.

Kaka sijamwita bado. Nasubiri jibu lako.

Jérémie


Baraka, tarehe 6 mwezi wa pili 2024

Baba Divine,

Barua yako niliisoma nimesimama ku soko, mbele ya bamama wa ndagaa. Nikaikunja, nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani. Sikulia. Nilikasirika, na hasira njo ilinisaidia. Nilijiambia: kama bwana yangu anafikiri Mama anaona aibu, mi sitatoka mu nyumba hii mpaka nijue ni aibu ya nini.

Jumapili sikuenda kusali. Nilimupelekea chai, nikafanya kama nashuka, nikaketi ku ngazi ya juu, kimya. Mara nikasikia maji inaanguka chini mu majani. Nikafungua mulango. Mama alikuwa amejivuta mpaka ku dirisha, anamwaga kikombe nje.

Halafu nikakaa chini pembeni ya kitanda, nikamwambia mutoto wake anafikiri ninamunyima chakula. Hapo njo alishituka. Akasema haiko kweli, atakuandikia, atakuambia. Nikamuuliza basi ni nini. Akageukia ukuta, akasema:

"Nikikunywa, utanibeba."

Nikamwambia kubeba si kitu. Akanijibu kwamba kwangu si kitu, kwake ni kitu. Anapita mugongoni kwangu mbele ya majirani, mbele ya batoto wao, mbele ya babaume wanaoshona nyavu, na kila muntu anajua anapelekwa wapi. Na kule chooni ninamushika asianguke, mi muke ya mutoto wake, namuona. Yeye alilea batoto, alizika bwana yake, alivuka ziwa na mizigo ku kichwa, na hakuna aliyemuona hivyo. Sasa amekuwa kifurushi. Akaona heri asikunywe, sababu siku asipokunywa hakuna anayemubeba. Na kama kubebwa haiwezi kuepukwa, abebwe kule Fizi, kwenye majirani hawamujui.

Baba Divine, mama yako alikuwa anakufa kiu pembeni ya ziwa kubwa hivi, sababu ya heshima yake.

Basi sikiliza. Nyumba yetu haina choo kule juu; itakuwa nayo. Choo ya kukaa, na bafu, na mulango wa kufunga kwa ndani, karibu na kitanda chake. Sikuulizi. Nakuambia.

Anastasie


Kilembwe, tarehe 17 mwezi wa pili 2024

Mama Divine,

Nisamehe. Niliandika yale nikiwa mbali na nikiwa na hofu, na hofu ya mtu aliye mbali ina mdomo mchafu. Nilikaa barazani na barua yako mpaka wagonjwa wakaanza kuniuliza kama nimefiwa.

Mnyweshe kidogo kidogo, maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, asikatae. Kaka nimemwandikia na kumweleza yote, aache kukuhukumu.

Lakini bafu ya juu, hapana, si sasa. Chumba kile nilikijenga mwenyewe na ninakijua ubao kwa ubao. Kinabeba kitanda na mtu. Hakibebi simenti na tangi la maji. Siku moja vyote vitatuangukia mezani. Na hiyo meza yenyewe, fikiria: choo juu, sisi chini tunakula. Kaka atasema nini? Ukoo utasema nini? Nisubiri mwezi wa sita, nikipata likizo tutalipanga pamoja. Kwa sasa mwekee ndoo yenye kifuniko.

Nakuomba.

Bwana yako,
Jérémie


Fizi, tarehe 24 mwezi wa pili 2024

Kwa shemeji yetu, mke wa mdogo wangu Jérémie,

Amani ya Kristo iwe nawe na nyumba yako.

Mdogo wangu amenijulisha kwamba unakusudia kujenga choo juu ya nyumba. Mstari huo niliusoma upya nikidhani macho yangu yamechoka. Nyumba ile imesimama katika kiwanja cha marehemu baba yetu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kula chakula chini ya choo, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Kuhusu Mama, yeye mwenyewe ameomba kuja kwangu. Jambo hilo limekwisha. Barabara ikikauka nitashuka na gari, pamoja na vijana wa kanisa watakaombeba katika kiti, kwa heshima inayompasa. Umwandalie nguo zake.

Nakushukuru kwa yote uliyomfanyia. Hili nalisema kwa moyo.

Bonaventure


Baraka, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Baba Divine,

Msamaha wako nimeupokea, nimeuweka mahali pazuri. Maji ya chumvi na sukari Mama anakunywa, anakunja uso lakini anakunywa, sababu nilimuahidi kwamba kubebwa kuko na mwisho na kila siku anaona mwisho huo unajengwa. Habari ya ndoo aliikataa. Alisema ndoo nayo inabebwa, na kila muntu anajua iko na nini.

Habari ya kusubiri mwezi wa sita ilinifikia simenti imeshashushwa ku uwanja.

Fundi ni Bukuru, Murundi, anakaa Lweba na familia yake tangu bakimbie. Kwao alikuwa anajenga nyumba za etaji, zile za ghorofa. Nilimueleza maneno yenu wawili: bwana yangu anasema mbao hazitabeba, shemeji yangu anasema hatakula chini ya choo. Bukuru alizunguka nyumba, mi nilizunguka nyuma yake, na Mama alitufuata na macho toka ku dirisha. Halafu Mama njo aliuliza, kwa sauti ya muntu anayeuliza bei ya nyanya, kwa nini bafu ikae juu ya nyumba, na pembeni kuko nafasi.

Basi iko pembeni. Bukuru ameisimamisha juu ya nguzo zake yenyewe, za matofali na vyuma, haigusi mbao zako hata moja. Tulikata ukuta wa chumba cha Mama tukaweka mulango, unatoka mu chumba unaingia mu bafu. Meza yetu iko palepale ilikuwa. Chini ya bafu kunakaa kuku, na kuku hawana ukoo wa kuwasema.

Matofali ni ya lile jiko la zamani ambalo ziwa lilibomoa, Divine na mi tuliyachambua na kuyasugua. Simenti ilikuja na mutumbwi wa injini toka Uvira. Shimo la uchafu halikuchimbwa, sababu huku kwetu ukichimba kidogo tu unakuta maji. Bukuru alilijenga juu ya udongo, sanduku kubwa la simenti, na aliangalia alama ziwa liliacha ku ukuta mwaka ile, akapita juu yake sana. Choo ya chini haiwezi kumwaga mu sanduku kama hilo. Ya juu inamwaga bila shida. Maji ya kuoga ni ya mvua, inatoka ku bati inaingia mu tangi, na mvua ikikosekana tunapandisha na pampu ya mukono.

Kile kiti cha choo kilifika na Guy. Alikifunga nyuma yake ku pikipiki kama abiria, amekifunika na kitenge, na ku barabara bantu balimusalimia mama aliyebebwa. Mama aliona toka ku dirisha, akacheka mpaka akajishika ubavu. Tangu aanguke sijamusikia akicheka.

Usifikiri yote ilikwenda vizuri. Siku ya kujaribu maji, tiyo, ile bomba ya maji, iliachia pale pa kuungwa, maji yote ikamwagikia kuku. Mi nilikaa chini mu matope. Nilikuwa nimeona uso wa Mama ku mulango, na nilijua anafikiri nini: kwamba ahadi imevunjika. Bukuru alivunja simenti yake mwenyewe akaanza upya. Na mulango aliuweka ukifungukia ndani. Mama akakataa. Akasema muzee akianguka mule, mwili wake utazuia mulango na mutabaki kumuita toka nje. Ukageuzwa. Vyuma vya kushikilia viliwekwa juu sana, Mama akaomba kiti, akaketi mule ndani kati ya mavumbi, akanyoosha mukono: hapa, na hapa. Bukuru akapiga alama pale vidole vyake vilifika.

Jana sakafu ilikauka. Na leo Guy ananiambia ameona gari la kaka yako Fizi, banalitengeneza, na ndani kuko kiti.

Anastasie


Fizi, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Mdogo wangu Jérémie,

Amani iwe nawe.

Nilishuka Baraka kama nilivyokusudia. Mama nimemkuta na afya. Baada ya mashauriano ya kifamilia imeonekana vema abaki Baraka kwa sasa, kwa sababu ya hali ya barabara. Kiti nimekirudisha kanisani. Vijana walikula vizuri.

Kuhusu lile jengo, nimeona kwamba haliko juu ya sebule, kinyume na nilivyoelezwa.

Kaka yako,
Bonaventure

Umuulize mkeo yule fundi wa Lweba anapatikana siku gani.


Baraka, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Mwanangu Jérémie,

Kaka yako atakuandikia. Sijui atasema nini, kwa hiyo naandika nami, na leo nitaandika marefu.

Balikuja asubuhi na gari, na kiti, na vijana wa kanisa wamevaa mashati meupe. Balipanda ngazi wote, chumba kikajaa. Nikawaambia bangojee chini, nataka kuoga kwanza, sababu muntu hasafiri muchafu. Balishuka. Bibi yako alitaka kunishika mukono. Nikamwambia aache.

Nikaenda. Nasema nikaenda, Jérémie, hakuna aliyenipeleka. Nilishika kitanda, nikashika ukuta, nikashika kile chuma kilichowekwa mahali mukono yangu inafika. Uchungu ulikuwepo, nikapita nao. Nikaingia, nikavuta mulango, nikageuza kitasa.

We ni kijana, hujui kitu hiki. Tangu nilianguka, kila saa kulikuwa na mukono wa muntu juu yangu. Mikono mizuri, lakini mikono. Mule ndani hapakuwa na muntu. Nilikaa kwanza bila kufanya kitu, nikasikiliza. Halafu nikafungulia maji, ikaniangukia ku kichwa, ya baridi, ya mvua. Nikajisugua mwenyewe, miguu, mugongo pale nafika, vidole vyote. Nikaimba wimbo wa tumaini mpaka mwisho. Chini kaka yako alikohoa. Nikaanza mwingine.

Nilitoka nimevaa kitenge cha Pasaka. Bonaventure akapanda, akasema Mama, gari inangojea. Nikamuuliza kwake Fizi choo iko wapi. Akasema nyuma ya migomba, kama kwa bantu wote. Nikamuuliza ku mulango kuko nini. Akafikiri, akasema kuko gunia.

Nikamwambia, "Mwanangu, mi nimeshazoea kitasa."

Alitaka kusema jambo la ukoo. Nikamuonyesha ukuta, nikamwambia meza ya kula iko upande ule, aende akapime mwenyewe. Alikwenda, Jérémie. Alishuka akaangalia chini ya bafu, akakuta kuku.

Bibi yako alikuwa amesimama ku ngazi na sufuria mukononi, hainui macho, kama muntu anayengoja kusemwa. Nikamuita apande. Nikawaambia wote, na vijana basikie: "Huyu njo aliniona nikiwa na kiu." Halafu nikamuomba chai. Nikakunywa mbele yao, nikaomba ingine, nikakunywa.

Bonaventure aliomba kuona mule ndani. Alivua viatu. Alikawia, na tulisikia maji.

We niliyekuzaa wa mwisho, ukirudi usinishike mukono. Nitakuonyesha njia.

Mama yako,
Félicité


Kilembwe, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Mama Divine,

Barua ya Mama nimeisoma peke yangu nyuma ya kituo, nikacheka mpaka mgonjwa mmoja akaja kuniangalia dirishani. Halafu nikalia, naye akaona hilo pia. Uliponiandikia "Sikuulizi," niliumia. Leo namshukuru Mungu hukuniuliza. Ningesema hapana, na ningesema kwa upendo, na Mama angekufa.

Sasa nina hofu nyingine. Wafanyabiashara wanaofika huku wanasema ziwa limepanda kuliko mwaka ule, na kwamba njia ya pwani inaingia majini. Pandisheni kila kitu juu. Msimpe mtu maji ya ziwa bila kuyachemsha, hata akisema anayaona ni safi. Vyoo vikizama, kuhara kutafuata, nawe unajua kuhara kwa huko kwetu kunachukua watu namna gani.

Nimeomba ruhusa, wamenipa, lakini mto umekata barabara na Guy mwenyewe amekwama upande huu pamoja nami. Barua hii nampa mtu anayetembea kwa miguu. Kila asubuhi naenda kuangalia mto.

Bwana yako,
Jérémie


Baraka, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Baba Divine,

Tuko wazima. Naanza na hilo ili usome mengine polepole.

Ziwa liliingia mwisho wa mwezi wa nne. Halikuja kwa kelele. Tuliamka tukakuta viatu vinaelea. Mu sebule maji ilifika ku magoti, na mutaa wote ukawa hivyo, mpaka kule ku barabara kubwa. Vyoo vyote vilizama, na uchafu wake ukatembea na maji kati ya nyumba na nyumba. Bamama balisimama ku milango na batoto mugongoni, hawajui bashuke wapi. Lile sanduku la Bukuru lilibaki limesimama kama kisiwa, na nguzo zilisimama, na tangi la juu lilikuwa limejaa, sababu mvua haikutunyima.

Mi nilikuwa nafikiri namna ya kufunga ngazi, bantu basituvamie. Nakuambia kweli. Mama njo alifungua dirisha, akaita majirani mumoja mumoja kwa jina.

Balikuja. Mama aliweka kiti juu ya ngazi, akaketi na mukongojo anaotembelea siku hizi ku magoti, na tangu siku hiyo hakuna aliyepita bila ruhusa yake. Aliweka sheria. Muntu anapanda na ndoo ya maji ya kumwagia, asitumie ile ya tangi. Muntu hashuki bila sabuni mukononi, na Mama anatazama vidole. Bazee na wajawazito banapita mbele. Babaume wa nyavu, walewale walikuwa banamuona akipita mugongoni kwangu, balisimama mu maji na ndoo zao, banamuamkia Mama, banangoja aseme "Panda." Mi nilichemsha maji ya kunywa mu sufuria zote tulizo nazo, juu ya meza, sababu jiko lilikuwa limezama. Kaka yako alituma toka Fizi unga, sabuni na chokaa, bila barua, ila na neno moja: Mama aseme kama inapungua. Ku mitaa ingine bantu balihara, tulisikia. Ku mutaa wetu mpaka leo hakuna muntu amekufa.

Sasa nikuambie ya juzi.

Unamujua Nibizi, yule Murundi jirani wetu, bibi ya Ndizeye. Tumbo lake lilikuwa kubwa sana, siku zake za kuzaa zimefika. Asubuhi alipanda kwetu na ndoo, akafika katikati ya ngazi, akashika ukuta. Ndizeye alikimbia kutafuta mutumbwi wa kumupeleka hospitali, akazunguka mutaa wote akikata maji na magoti, kila mutumbwi ulikuwa umekwenda kubeba bantu na vyombo vyao. Nibizi alikuwa analia anasema ataenda kuzalia wapi, nyumba yake iko na vyura mu kitanda.

Mama akasimama. Akaniambia nitandike kitanda chake na shuka safi. Akaenda mule ndani, akajisafisha mikono mpaka ku viwiko, na tulimusikia anasugua. Mi sikujua kwamba mama yako alizalisha bamama mu pori wakati wa ile vita ya zamani, mbele mi sijaolewa kwenu. Hakuwahi kusema. Lakini mikono yake ilijua, na sauti yake ilikuwa ingine, ya muntu anayetuma wengine. Aliniambia niweke maji hapa, kitambaa hapa, nishike Nibizi nyuma. Nilishika. Kuko saa Nibizi alisema hawezi tena. Mama akainama, akamwambia ku sikio, kwa Kirundi kidogo anachokijua na Kiswahili chetu, maneno ambayo sitayaandika, ni ya bamama.

Mutoto alizaliwa jua likiwa juu. Ni musichana. Alikaa kimya kidogo, Mama akamugeuza, akamusugua mugongo, akamupiga kidogo ku nyayo. Akalia. Baba Divine, ule mutoto iko na mapafu ya muuza samaki.

Tulimuosha mule mu bafu, na maji ya mvua niliyokuwa nimepasha moto, hata tone moja la ziwa halikumugusa. Halafu Nibizi akasema anataka naye kuoga. Nikamupeleka mpaka ku mulango nikitaka kuingia naye, Mama akanizuia na mukongojo. Nibizi akaingia peke yake. Tukasikia kitasa.

Ndizeye alikuwa chini, amekaa ku ngazi ya kwanza, miguu mu maji, ameshika kichwa. Nyuma yake mustari wa bantu na ndoo zao ulifika mpaka kwa jirani wa pili, kila mumoja na haja yake tangu asubuhi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama alichukua mutoto, akamufunga mu kitenge chake cha Pasaka, akatoka juu ya ngazi. Mukono mumoja ulishika mutoto, mwingine mukongojo. Hakuna aliyekuwa nyuma yake wala pembeni yake; nilikuwa nimesimama mbali, na mikono yangu nimeificha mu kitenge ili isitake kumushika.

Akawaonyesha mutoto. Akasema:

"Amefika musichana. Bafu imefungwa mpaka jioni. Leo ni ya mama na mutoto."

Na wale bantu wote, na ndoo zao, balisimama mu maji mpaka magoti, bakapiga makofi.

Bibi yako,
Anastasie